Uji wa wimbi pale nje ya soko la Jubilee, Kisumu, kwa wenye mimba changa

Kama uko Kisumu, mimba ni changa na bado lazima uingie kazini saa mbili, kuna mama anauza uji kwa kibanda nje ya soko la Jubilee, pitia hapo kwanza. Uji wake ni wa wimbi, umechachuka kiasi, si ule wa sukari tupu, na ukimwambia anakukamulia ndimu na kukukunia tangawizi mbichi juu, unaona nyuzi zake zikielea. Kikombe kidogo ni shilingi 20. Chukua hicho kidogo hata kama unaona kikubwa ndio bei poa, juu ukijaza tumbo mara moja yote inarudi, heri unywe kidogo kidogo na ingine uweke kwa thamosi ya kunywa saa nne, maana njaa ndio inaleta kichefuchefu kibaya zaidi, unajipata umeacha mteja kwa kaunta unakimbia choo.

Shida ni jirani yake, anakaanga omena asubuhi yote na upepo ukigeuka aki utatapika hapo hapo, so simama upande wa steji. Pia hapo kuna odowa za kuuza, ule udongo wa kutafuna, hizo mimi naruka, udongo unazuia mwili kuchukua madini ya chuma vizuri.

Na huu uji msiufanye dawa jamani. Kama hata maji hayakai tumboni na mkojo umekuwa mweusi, enda hospitali, hapo uji hauwezi.

Nyota nne, ya tano nimemnyima juu Jumatatu anapenda kuchelewa kufungua.