Mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki Mkristo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mchuuzi anayeanza biashara pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hukuta dukani mizani za kuning'iniza za aina mbili: ya uso wa saa yenye mshale, na ile ndogo ya kidijitali inayoshikwa mkononi. Zote hupima. Swali letu ni hili: ipi inamsaidia mtu kuwa mwaminifu mteja akiangalia, na hata anapogeuka kutafuta mfuko?

Jibu ni ya saa, ya kilo 50, yenye alama za gramu 200. Uso wake ni mpana, na mama aliyesimama upande wa pili wa meza anausoma mwenyewe bila kuambiwa. Haina betri wala kitufe cha kufichia lolote.

Ya kidijitali ni rahisi kubeba, na namba zake zinavutia, ila ina kitufe cha kubadilisha kipimo. Kikiguswa, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, kilo 10 za sangara zinasomeka 22 kwa sababu mashine imehamia kwenye ratili. Nyingine "hushika" namba ya mwisho hata mzigo ukishaondolewa, na betri ikichoka namba zinachezacheza. Kwa mtu mwenye tamaa hayo yote ni mwaliko, na hata asiye na tamaa ataishia kubishana na wateja.

Ya saa nayo ina magonjwa yake. Uhai wake ni springi. Ukitundika kilo 70 kwenye mizani ya 50, hata mara moja, springi inaweza kunyooka isirudi, na kuanzia hapo inaongeza uzito ambao haupo. Kayabo, yaani samaki wa chumvi, ni adui mwingine: chumvi yake inakula chuma kuliko maji ya ziwa, kwa hiyo ndoana na mwili wa mizani vifutwe kwa kitambaa chenye maji safi kila jioni, kisha vikaushwe.

Kuipima ni kazi ya dakika chache. Itundike tupu na uangalie mshale ukiwa umelingana nao macho kwa macho, maana ukiutazama kutoka chini au pembeni utausoma vibaya. Usipokaa kwenye sifuri, zungusha skrubu ya kurekebishia. Kisha tundika ndoo tupu, andika uzito wake, mimina lita 10 za maji kwa chupa unayoijua ujazo wake. Lazima ziongezeke kilo 10. Rudia kwa lita 20, na kwa 40 ukipata chombo cha kutosha, kwa kuwa springi iliyochoka inaweza kusema kweli kwenye kilo 5 na kudanganya kwenye 40. Ikikosea huko juu, skrubu haitakusaidia. Ipeleke kwa fundi, na Wakala wa Vipimo, wakaguzi wa serikali wa mizani, waikague upya kabla hujaitumia kuuzia.

Wizi mwingi, hata hivyo, hauko kwenye mizani. Uko kwenye tenga. Tenga lililolowa lina uzito kuliko kavu, kwa hiyo uzito wa tenga ulioutoa kwenye hesabu asubuhi si ule wa saa nane mchana. Pima tenga upya kila linapolowa, na sato wachuruzike maji kwanza; anayeuza maji kwa bei ya samaki anajua anachofanya. Halafu kuna kukadiria. Mshale ukikaa kati ya alama mbili, wengi husoma ya juu wanapouza na ya chini wanaponunua kwa mvuvi. Gramu 100 tu, mtu anajiambia. Lakini Luka 16:10 inazungumzia hasa lililo dogo sana, na hapo ndipo uaminifu unapozoezwa au kuuawa. Amua leo kwamba katikati ni ya mwenzako, awe mvuvi au mteja, na usibadilishe kwa sababu soko limekuwa gumu.

Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Kwa Mwanza ya leo jiwe la pili ni ile mizani ya kununulia inayokaa kwenye mtumbwi. Ukiwa na mbili, zibadilishane kazi: ya kununulia iuzie, ya kuuzia inunulie. Ukisita kufanya hivyo, umeshajua ni ipi yenye kasoro.

Mizani ya saa tunaipa nyota nne kati ya tano. Moja tumeikata kwa sababu haifai kwa mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Bidhaa ya bei ile ikipimwa kwa alama za gramu 200, lazima mmoja aumie. Huko tafuta mizani ya mezani inayosoma gramu.

Kabla ya kulipa, uliza kama mizani imekaguliwa kwa matumizi ya biashara, na utazame tarehe kwenye stika ya Wakala wa Vipimo. Ukaguzi ni wa kila mwaka. Stika ibaki upande wa mteja.