Kamera ya Sony RX100 ya 2012 na vibao vilivyochorwa vya mtaani kwetu: bado inafaa?

Huyu mnayemwona kwenye skrini si kondoo. Ni mbwa. Mchoraji mwenyewe alijua kuna atakayebisha, ndiyo maana akaandika chini yake kwa herufi kubwa: MBWA KALI. Rangi ilikuwa nyekundu zamani, jua limeifanya ya waridi. Mwalimu wangu wa Kiswahili angekata alama hapo, kwamba mbwa ni mkali, si kali. Lakini nimezunguka Nairobi na bado sijakutana na geti lenye mbwa mkali. Wote ni kali.

Nilipokuwa napiga hii picha, mwenye nyumba akatoka, shosho wa makamo ya nyanya yangu.

"Kijana, unapiga picha ya nini?"

"Ni hiki kibao tu, shosho. Kimenipendeza."

"Huyo mbwa alikufa kitambo."

"Na mbona hujakitoa?"

"Kwani wezi walikuja matanga?"

Sitawaambia ni mtaa gani. Mnaelewa.

Haya, karibuni. Kamera iliyopiga picha hiyo ni hii hapa, Sony RX100, ile ya kwanza kabisa iliyotoka 2012. Mfululizo wake uliendelea hadi ya saba mwaka 2019, lakini mimi nina hii ya baba yao wote. Niliinunua ikiwa imetumika, bei iliyotajwa ilikuwa shilingi 25,000, tukavutana hadi 22,000. Ina megapikseli 20.2, sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ya saizi inayoitwa inchi moja, na uzito wa gramu 240 ikiwa na betri na kadi. Inaingia mfuko wa suruali. Mfuko wa mbele, jamani. Wa nyuma tusidanganyane, huu ni mji gani?

Swali mnaloniuliza kila wiki: kwa nini nisitumie simu? Sababu ya kwanza haihusiani na picha. Ukisimama kando ya barabara na simu umeinyoosha mbele, bodaboda anapita, mkono unabaki umenyooka na simu haipo. Hii kamera ina kamba ya mkononi. Sababu ya pili ndiyo kubwa, na ningependa tukae hapo kidogo.

Tazameni picha hizi mbili za kibao cha kinyozi mmoja. Hii ya kushoto nimepiga nikiwa hatua mbili kutoka ukutani, lenzi ikiwa kwenye milimita 28, yaani haijavutwa hata kidogo. Kichwa cha juu kimevutika kama papai, herufi zinaanguka nyuma, na ubao unaonekana kama utamwangukia mteja. Ya kulia nimevuka barabara, nikavuta lenzi hadi mwisho, milimita 100. Ubao umenyooka. Vile vichwa vinne vya staili za nywele, vyote vikiwa na uso wa mtu mmoja (naamini mchoraji alikuwa na uso mmoja tu aliouzoea), vimekaa kwenye mistari yao. Umbali ndio ulionyoosha. Lenzi imenisaidia tu kusimama mbali bila kupoteza kibao. Washeni mistari ya gridi kwenye skrini, mlinganishe ukingo wa ubao na mstari, ndipo mbonyeze.

Ubao mweupe pia unaidanganya kamera. Inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na nyeupe inatoka rangi ya uji. Ongezeni mwanga kidogo kwenye kipimo cha kamera chenye alama za + na -, +0.7 hivi inatosha.

Kuhusu jua: mchana wa saa sita hapa kwetu jua liko utosini, na karibu kila duka lina kipenu cha mabati. Kivuli cha kipenu kinakata jina la duka katikati, HOTELI inabaki nusu. Nendeni saa moja au saa mbili asubuhi. Au msubiri Julai. Watu wanalalamikia baridi na mawingu ya Julai, mimi nafurahi, kwa sababu rangi ya mafuta inang'aa vibaya juani, na wingu linaua ule mng'ao wote. Picha zangu nzuri za kuta nimepiga nikiwa nimevaa sweta mbili.

Ukuta huu, kwa mfano. Mnakumbuka M-PESA ilipoingia 2007, jinsi maduka yalivyogeuka kijani? Hapa kijani kimebambuka. Chini yake kuna njano, na chini ya njano inachungulia herufi ya tangazo la sabuni. Kamera hii inakaribia hadi sentimita 5 ikiwa kwenye milimita 28, kwa hivyo nimeingia hadi mnaona alama za nywele za brashi. Hapa fundi alipumzika, akachovya tena, akaendelea.

Mabaya yake. Mwili ni laini kama sabuni, hauna pa kushika. Nimebandika kipande cha mpira kutoka kwa fundi viatu, shilingi 50. Haina kitundu cha kuchungulia, na juani skrini unaikisia tu. Haina Wi-Fi, picha unatoa kwa kebo. Ukivuta hadi 100, tundu la lenzi linabanwa kutoka f/1.8 hadi f/4.9, mwanga unaoingia unapungua, kwa hivyo jioni mkono ukitetemeka umeharibu. Kuhusu betri, duka moja mjini liliniuzia "mpya" ikavimba wiki ya pili. Ile iliyokuja na kamera inaendelea. Uzuri ni kwamba inachajiwa kwa kebo zile za simu za zamani, na hizo kila nyumba ina droo nzima.

Soja, yaani mlinzi, atakuja. Atauliza unapiga ya nini, na hapo udogo wa kamera ni faida: hakuna anayedhani umetumwa na gazeti. Msalimie kwanza, umwonyeshe kibao kwenye skrini. Tom Mboya Street, mmoja aliniacha nipige, kisha akanisimulia Odeon ilivyokuwa sinema kweli. Sisi wengine tunaijua kama mahali pa kushukia tu. Hata mzunguko wa Globe ulipata jina kwa sinema. Makanga wa matatu wanataja majina hayo kutwa nzima na hakuna anayekwenda kutazama filamu.

Kwa hivyo ninunue? Kama unapiga vibao na unapata safi chini ya 25,000, ndiyo. Kama ni harusi, hapana, utagombana na maharusi.

Juzi nilimpelekea shosho picha yake niliyochapisha. Nikakuta getini kibao kipya cha plastiki, mjukuu amekileta, mbwa wa polisi wa kutoka intaneti, meno yote nje, maneno ya Kiingereza. Nikauliza kile cha zamani kilikwenda wapi. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Kimekuwa paa la banda la kuku, uso wa mbwa juu, na jogoo amesimama kwenye herufi ya K.

Hii hapa. Milimita 100, asubuhi, mawingu.