Apple Studio Display: dola 1,599 kwa monita moja, nani inamlipa?

Studio Display ya inchi 27 ilitoka Machi 2022 kwa dola 1,599, na bei hiyo ilikuwa ya kioo cha kawaida na stendi inayoinamisha monita mbele na nyuma tu. Stendi ya kupandisha na kushusha iliongeza dola 400. Kioo kisichoakisi mwanga kiliongeza 300. Ukivitaka vyote viwili ulifika dola 2,299 kabla ya usafiri na kodi. Kwa pesa hiyo mtu ananunua kompyuta mpakato nzuri na monita ya 4K juu yake, kwa hiyo anayeuliza kama kuna haki hapo ana sababu.

Msimamo wangu ni huu: inamlipa mtu wa Mac anayeshinda kutwa kwenye maandishi, michoro au picha. Mtu wa Windows, wa gemu au wa filamu asiinunue, hata kama pesa ipo.

Sababu kubwa ni msongamano wa pikseli, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha. Kioo kina pikseli 5120 kwa 2880, yaani 218 kwa kila inchi. Monita ya 4K ya inchi 27 ina 163. Ukiyasoma makaratasi ya duka tu, tofauti hiyo unaweza kuipuuza. Lakini macOS, mfumo unaoendesha Mac, imejengwa ichore kila kitu kwa ukubwa wa kawaida au mara mbili kamili. Kwenye inchi 27, ukubwa wa maandishi unaowafaa watu wengi ni ule wa eneo la 2560 kwa 1440. Mara mbili ya hapo ni 5120 kwa 2880, ambazo ndizo pikseli za monita hii, moja kwa moja. Herufi inatua pale ilipochorwa.

Kwenye 4K hesabu haikai hivyo. Ukichagua eneo lile lile la 2560 kwa 1440, Mac inachora picha ya 5120 kwa 2880, kisha inaibana iingie kwenye 3840 kwa 2160. Pikseli milioni 14.7 zinasukumwa ndani ya nafasi ya milioni 8.3. Kingo za herufi zinalegea, mistari myembamba ya majedwali inakuwa minene huku na hafifu kule, na kompyuta inafanya kazi ya ziada kila sekunde. Tangu macOS Mojave ya 2018, Apple pia iliondoa ule ulainishaji wa herufi uliotumia vipande vya ndani vya pikseli, na tangu hapo monita za msongamano mdogo zinaonekana vibaya zaidi kwenye Mac kuliko zamani.

Kabla ya kutoa pesa, jipime. Chukua Mac yako mpaka kwenye monita ya 4K ya inchi 27, fungua mipangilio ya skrini, weka eneo la 2560 kwa 1440, kisha fungua ukurasa wenye maandishi madogo ya kijivu na jedwali lenye mistari myembamba. Soma dakika kumi kwa umbali unaokaa siku zote. Umbali ni muhimu: jicho lenye uwezo wa kawaida linaacha kutenganisha pikseli za 163 likiwa kama sentimita 54 kutoka kwenye kioo, na zile za 218 likiwa kama sentimita 40. Anayekaa sentimita 75 ataona tofauti ndogo, na huyo asibebwe na sifa za watu. Anayekaa sentimita 50 akisoma msimbo wa programu za kompyuta au kuhariri kitabu ataiona siku ya kwanza na hatatamani kurudi nyuma.

Windows yenyewe inaongeza ukubwa wa maandishi kwa 150% bila kubana picha nzima, na bado inalainisha herufi kwa njia yake. Ndiyo maana 4K ya inchi 27 inatosha kabisa huko. Zaidi ya hapo, Studio Display haina kitufe hata kimoja. Mwangaza unaurekebisha kwenye Mac. Kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows itabidi utafute programu ya watu wengine, na masasisho ya programu ya monita hayaji, kwa sababu yanapitia macOS, tena kuanzia toleo la Monterey 12.3.

Rangi ni nzuri na zinatoka kiwandani zimepangwa vizuri. Kioo kinafika niti 600 (niti ni kipimo cha mwangaza) na kinafunika rangi za P3, kundi pana la rangi. Ofisi yenye madirisha makubwa itafurahia huo mwangaza. Anayetengeneza picha za kuchapwa atajiumiza nao: picha ukiitengeneza kwenye mwangaza wa juu unajikuta unaipunguza mwanga ipendeze machoni, halafu karatasi inatoka nyeusi na mteja analalamika. Zima True Tone, ile inayobadilisha rangi za kioo kufuata mwanga wa chumba, chagua hali ya rangi ya uchapaji au ya upigaji picha kwenye mipangilio ya skrini, na kama unaushika mwangaza mwenyewe ulete karibu na niti 120 kwenye chumba chenye mwanga wa wastani.

Sasa upande unaouma. Kioo hiki ni cha hezi 60, yaani kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Mwenye MacBook Pro ya inchi 14 au 16 amezoea hezi 120, na akiburuta ukurasa kutoka kioo kimoja kwenda kingine ataona mwendo unakwamakwama. Hakuna HDR, ile picha yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza. Taa ya nyuma haigawanyiki kwa kanda, kwa hiyo usiku, chumba kikiwa na giza, nyeusi inaonekana kama kijivu. Pro Display XDR ya 2019 ilikuwa na kanda 576 za taa, lakini iliuzwa dola 4,999 bila stendi, na stendi peke yake dola 999. Hiyo ni habari ya studio za filamu. Linaloniudhi kwenye Studio Display ni kwamba iMac ya inchi 27 ilikuwa na pikseli hizi hizi 5120 kwa 2880 tangu 2014, tena ikiwa na kompyuta nzima ndani yake. Teknolojia ya miaka minane ilirudi kwa bei ya juu, na wanunuzi wana haki ya kulisema hilo.

Kamera ya megapikseli 12 haistahili bei hii. Ni ya pembe pana sana na inakukata kutoka katikati ya picha ili ikufuate unapojisogeza, kwa hiyo anachotumiwa mwenzako kwenye mkutano ni kipande tu cha kihisi. Taa ikiwa hafifu chenga zinajaa usoni. Weka taa mbele yako, nyuma ya monita, na zima ule ufuataji, itasaidia kiasi. Spika ndizo zilizonishangaza kwa uzuri: ziko sita, besi inasikika na meza haitetemeki. Mikrofoni tatu zinatosha kwa mkutano bila kifaa cha ziada.

Kwenye waya ndiko malalamiko mengi yanakoanzia. Nyuma kuna poti moja ya Thunderbolt 3, poti ya kasi yenye umbo la USB-C, inayoleta picha na kuichaji kompyuta kwa wati 96, na poti tatu za USB-C za kuunganishia vifaa. Basi. Hakuna HDMI, hakuna DisplayPort. Ndani ya boksi mna waya wa Thunderbolt wa mita moja, na huo uutunze, kwa sababu waya wa kuchajia simu una umbo lile lile la USB-C lakini mara nyingi unabeba data ya USB 2.0 tu. Ukiuchomeka, kompyuta inachaji vizuri na kioo kinabaki cheusi, mtu anakimbilia kwa fundi akidhani monita imekufa. Kosa la pili ni la wale wenye kompyuta ya HDMI. Wananunua waya wa bei rahisi wa USB-C kwenda HDMI, wanaugeuza, haufanyi kazi. Ule waya unapitisha picha upande mmoja tu, kutoka USB-C kwenda HDMI. Wewe unahitaji adapta ya kutoka HDMI kwenda USB-C, ambayo kwa kawaida inataka umeme wake yenyewe, na hata hapo huenda usipate 5K, yaani zile pikseli 5120 kwa 2880.

Mac yako nayo iangalie. MacBook Air ya chipu ya M1 na ya M2 zinaendesha monita moja tu ya nje. Ya M3 inaendesha mbili ikiwa imefunikwa, na ya M4 inaendesha mbili ikiwa wazi. Monita hizi haziungwi moja nyuma ya nyingine. Kila moja inataka poti yake kwenye kompyuta.

Stendi iamue kabla ya kulipa, maana si kitu cha kubadilisha mwenyewe nyumbani. Stendi ya kawaida inainama nyuzi 5 mbele na 25 nyuma, na monita nzima inasimama sentimita 47.8. Mtu mrefu ataishia kuweka vitabu chini yake. Stendi ya dola 400 inapanda na kushuka kwa milimita 105. Ushauri wangu ni uagize ile yenye mashimo ya VESA (kiwango cha kufungia monita kwenye mkono au ukuta) ya milimita 100 kwa 100, ambayo bei yake ni sawa na ya stendi ya kawaida, halafu ununue mkono wa kufunga mezani. Monita hiyo ina uzito wa kilo 5.5, kwa hiyo mikono mingi ya kawaida inaibeba, na unapata kupanda, kushuka na kuzunguka kwa pesa ndogo kuliko zile 400.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna mambo mawili ambayo hayasemwi huko inakouzwa. La kwanza ni waya wa umeme. Haukutengenezwa uchomolewe na mtumiaji, kwa hiyo iliyonunuliwa Marekani inakuja na plagi bapa ya Marekani moja kwa moja. Umeme wetu hauna tatizo nayo, inapokea volti 100 hadi 240, lakini utaishi na adapta ya plagi siku zote. Tafuta adapta nzito inayoshika vizuri, siyo ile inayolegea na kutoa cheche. Iliyonunuliwa Dubai ina plagi ya pini tatu za mstatili kama ya kwetu, na hilo pekee linatosha kuipendelea.

La pili ni kukatika kwa umeme. Kompyuta mpakato ina betri, monita haina. Umeme ukikatika, kioo kinazima na kila kilichochomekwa kwenye poti zake kinakatika nacho. Kama diski yako ya nje imechomekwa nyuma ya monita na ilikuwa inaandika faili, faili hilo linaweza kuharibika. Diski ya kazi ichomeke kwenye kompyuta yenyewe. Kwenye monita weka kibodi, kipanya na printa. Kisha tafuta UPS, yaani betri ya akiba, inayotoa mawimbi safi ya umeme, kwani zile za bei ya chini kabisa hutoa mawimbi ya mraba na kuna vifaa vinavyozima au kulia vinapohamia kwenye betri yake. Stebilaiza inasaidia umeme unaopanda na kushuka, lakini haikuokoi unapokatika.

Kioo kisichoakisi mwanga ningekiacha, isipokuwa dirisha liko nyuma ya kiti chako na huwezi kuhamisha meza. Kinataka kufutwa kwa kitambaa chake maalumu kikiwa kikavu, na doa gumu kwa alkoholi ya isopropili ya 70%. Kwenye vumbi la barabara ya udongo, punje moja ya mchanga kwenye kitambaa inatosha kukiharibu.

Ushindani nao umefika. ASUS ProArt PA27JCV ina 5K ile ile kwenye inchi 27, ilitoka kwa dola 799, na inakuja na HDMI, DisplayPort, USB-C ya wati 96 na stendi inayopanda, kushuka na kugeuka wima. Mwangaza wake ni mdogo na kamera haina, lakini kwa maandishi inakupa kile kile kinachoibeba Studio Display. Ikiwa unatafuta herufi safi kwenye Mac na bajeti inabana, nenda huko. Mtu wa Windows aitazame Dell U2723QE: 4K, weusi wa kina zaidi wa kioo cha aina ya IPS Black, tundu la waya wa mtandao, na uwezo wa kibodi moja kuhudumia kompyuta mbili. Bei yake haifiki nusu ya Studio Display.

Ukiamua kununua iliyotumika, njoo na Mac yako na waya wa Thunderbolt unaouamini. Ichomeke, fungua ripoti ya mfumo, hakikisha imeandikwa 5120 kwa 2880. Jaza kioo chote rangi nyekundu, kisha kijani, bluu, nyeupe na kijivu, uangalie nukta zilizokufa na pembe zilizofifia. Chomeka kifaa kwenye kila moja ya poti tatu. Piga muziki kwa sauti ya juu: spika zikikata, chomoa monita ukutani, subiri sekunde kumi, rudisha. Haina kitufe cha kuwashia, kwa hiyo hiyo ndiyo njia ya kuianzisha upya, na hitilafu ya namna hiyo iliwahi kurekebishwa kwa sasisho la programu. Iache iwake nusu saa, weka sikio nyuma usikilize feni, kisha soma namba ya mfululizo kwenye mipangilio na uilinganishe na ile iliyo kwenye boksi kabla pesa haijatoka mfukoni.