Bomba la boila likiganda: nini ununue kwanza, na nini uache dukani

Saa kumi na moja alfajiri, nje nyuzi 6 chini ya sifuri. Boila jikoni, ule mtambo wa gesi unaopasha joto nyumba na maji, inaguguma kama mtu anayesukutua, halafu kimya. Kioo chake kinaonyesha herufi na namba ambazo hujawahi kuziona. Siku hiyo mama mkwe alikuwa ametimiza siku tatu tangu afike kutoka Tanga. Alikaa kwenye kochi na blanketi mbili, kanga juu yake, akaniuliza kwa upole kama huku Uingereza watu huishi hivi siku zote. Fundi niliyempigia alitoza pesa ya kuja, akamwagia bomba la nje maji ya moto, akabonyeza kitufe, akaaga. Kazi nzima dakika kumi. Ndipo nilipoanza kulichunguza bomba hilo.

Tangu Aprili 2005, karibu kila boila mpya ya gesi inayofungwa England na Wales ni ya aina inayovuna joto hadi kwenye moshi wake. Mvuke ulio ndani ya moshi hugeuka maji yenye asidi kidogo, lita moja hadi mbili kwa saa boila ikichapa kazi, na maji hayo hutoka kwa bomba la plastiki. Likipita nje na kukutwa na baridi kali, maji huganda njiani, boila hujaa maji tumboni na kujizima yenyewe. Desemba 2010, mwezi wa baridi isiyo na mfano, nyumba nyingi mno zilikwama hivyo kwa wakati mmoja. Boila ya namna hiyo si mbovu. Mtu akija akataka kukuuzia mpya kwa sababu hiyo tu, mpe chai umsindikize.

Kabla ya duka, jambo la bure. Usiku wa baridi kali, pandisha joto la maji yaendayo kwenye rejeta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba, na uiache boila ikitembea usiku kucha, kidhibiti joto cha chumba ukikishusha. Maji yanayorudi kwenye boila yakizidi nyuzi 55 hivi, mvuke haugeuki maji kwa wingi. Gesi italika zaidi, kweli, lakini ni kwa siku mbili tatu.

Sasa mpangilio wangu, kwa thamani ya pesa.

Nafasi ya kwanza ni kutolitoa bomba nje kabisa. Likiungwa kwenye bomba la sinki au la choo lililomo ndani, barafu haina pa kulikamata. Ukibadilisha boila au ukikarabati jiko, litake hilo kwa maandishi kwenye makadirio ya fundi, maana wengi hutoboa ukuta kwa sababu ndiyo njia fupi. Kazi hii ikifanywa peke yake inaweza kuwa ghali, hasa boila ikiwa mbali na sinki. Hapo shuka nafasi ya pili.

Nafasi ya pili, ambayo ndiyo iliyonifaa mimi: bomba nene. Nyumba nyingi zina bomba la milimita 21.5, jembamba kama kidole gumba. Maji hudondoka humo tone kwa tone, na tone dogo huganda kabla halijafika chini. Sehemu yote ya nje iwe ya milimita 32, isizidi mita 3, na iteremke angalau milimita 45 kwa kila mita. Viwiko viwe vichache, kwani barafu hupenda kuanzia kwenye kona, na ncha ya chini ikatwe mshazari. Plastiki tu: shaba italiwa na ile asidi. Ukinunua mwenyewe, angalia kama viungio ni vya kusukuma au vya gundi. Vyote huandikwa 32 lakini vipimo vyake vya nje havilingani, na mimi nilirudi dukani mara mbili kwa kosa hilo.

Nafasi ya tatu ni sponji ya kuvika bomba. Watu wengi huanza hapa kwa kuwa ni rahisi, ni ya pauni chache, na mkasi tu unatosha. Lakini sponji haizalishi joto. Inachelewesha tu baridi kuingia. Bomba jembamba lililolala bila mteremko litaganda ndani ya sponji vilevile, na litachelewa kuyeyuka. Ukiinunua, chukua nene ya milimita 19 au zaidi, iliyotengenezwa kustahimili mvua na jua. Ile ya kijivu ya bei ya chini ni ya darini. Nje hukauka na kumeguka. Kwa bomba la 21.5 chukua iliyoandikwa 22, kwa la 32 chukua 35. Funika na viwiko pia.

Nafasi ya nne, waya wa umeme wa kupasha bomba. Unafanya kazi, sikatai. Mzuri ni ule unaojipunguza wenyewe bomba likipata joto, wenye swichi inayojiwasha baridi inapokaribia sifuri, na hulazwa chini ya sponji. Lakini unahitaji fundi umeme, na una adui mmoja nyumbani: yule anayezima kila soketi ili kubana matumizi. Ufikirie tu pale bomba lisipoweza kufupishwa wala kuhamishwa.

Nje ya mashindano kuna chupa ya mpira ya maji ya moto. Kila nyumba iwe nayo. Ifunge kwenye kiwiko au kwenye ncha ya bomba, au mwagia maji ya moto kiasi kwa birika la bustani. Maji yanayochemka yanaweza kupasua plastiki, na yale yanayomwagika chini hugeuka barafu ya kukuvunja nyonga. Kisha bonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Bomba likiwa juu, usipande ngazi kwenye barafu. Na kifuniko cha boila usikifungue kamwe. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi.

Mpangaji anunue hiyo chupa tu. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba kutunza mitambo ya joto na maji ya moto. Piga picha bomba na kioo cha boila, umtumie kwa maandishi asubuhi hiyo hiyo.

Kwa wenye nyumba zao, nendeni dukani Oktoba. Theluji ikishaanguka, sponji zinazobaki kwenye rafu ni zile za 15, za mabomba ya shaba.