Huduma ya kuweka zuio kwenye nyumba ya mdaiwa baada ya hukumu, nawapa nyota 4

Kushinda kesi sio kulipwa jamani, mahakama inakupa hukumu tu, hela unaifuata mwenyewe. Nilitumia hii ofisi ya mawakili kusajili zuio, yaani deni langu liandikwe kwenye hati ya nyumba ya mdaiwa wangu, na kazi yao naikubali sana. Kabla hawajagusa chochote walifanya upekuzi kwenye rejista ya ardhi, wakahakikisha jina la kwenye hati linafanana na la kwenye hukumu mpaka herufi maana likipishana zuio linaweza lisishike, halafu wakaangalia nani keshatangulia kudai, kwa sababu benki yenye rehani iliyosajiliwa mapema kwa kawaida ndo inalipwa kwanza we unasubiri kinachobaki. Kama mkopo umeizidi thamani ya nyumba wanakwambia ukweli kabisa hapohapo, sio wale wa kula ada tu.

Ila mjue zuio halikuletei hela kesho yake. Linakaa pale kwenye hati, mwenye nyumba akitaka kuuza au kukopea tena linamkwamisha mpaka deni lako lilipwe, na wangu alipopata mnunuzi alinitafuta mwenyewe, yule aliyekuwa hapokei simu! Na riba juu nikalipwa.

Nyota moja nimewanyima kwenye mawasiliano, meseji wanajibu wakijisikia, na zuio huwa lina muda wa kuisha kwahiyo tarehe ya kuhuisha waulize mapema wakuandikie. Ukishalipwa wanaenda kulifuta wenyewe, hiyo imo kwenye ada.