Mashine ya altrasoniki unayo. Sasa unatia maji gani?

Fundi wa bodaboda akishanunua mashine ya altrasoniki huona kazi imekwisha: jaza maji, washa, kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) itoke inang'aa. Haitoki. Mashine nyingi za gereji hutetemeka mara 40,000 kwa sekunde na kuzalisha viputo vidogo mno vinavyopasukia juu ya chuma na kubandua uchafu. Petroli iliyokauka ikawa gundi ya kahawia inahitaji zaidi ya kutikiswa. Tena maji matupu hupenya kwa shida tundu la jeti ndogo, yaani kijibomba cha kupitishia petroli, ambalo upana wake haufiki hata milimita moja. Kinacholegeza gundi na kuyasukuma maji ndani ya tundu ni kile unachochanganya, na hapo ndipo wengi huharibu.

Kabla ya kwenda dukani kumbuka kabureta ya Boxer au TVS imeundwa kwa nini. Mwili ni alumini au mchanganyiko wenye zinki, jeti ni shaba ya njano. Alumini na zinki zinaliwa na asidi, na zinaliwa vilevile na alkali kali kama kostiki soda. Kwa hiyo muuzaji akikusifia "dawa kali sana, boss", rudisha chupa kwenye rafu.

Namba moja kwangu ni dawa maalumu ya altrasoniki, ile ya kuchanganya na maji, yenye alkali ya wastani na kinga ya kuzuia metali isiliwe. Lebo iseme wazi kuwa inafaa kwa alumini na shaba. Ikisema "chuma" tu, au ikionyesha picha ya pete na miwani, hiyo si yako. Bei ya chupa isikutishe, piga hesabu ya mchanganyiko. Lita moja inayochanganywa kwa maji lita 20 inakupa lita 21, yaani tangi la lita 3 unalijaza mara 7. Nyingine inayotaka maji lita 5 tu inakupa lita 6, mara 2 imekwisha. Chupa ya bei nafuu mara nyingi huwa ghali kwa njia hiyo.

Namba mbili ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kwa anayesafisha kabureta mbili tatu kwa wiki ningemwambia aanzie hapa. Vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji vinatosha. Ukizidisha unapata povu na kazi ya kusuuza. Grisi, oili na vumbi vinatoka vizuri. Gundi ya petroli ya muda mrefu itakusumbua, itabidi urudie au upulizie dawa ya kabureta ya kopo baadaye, nje, mbali na moto. Nunua yenye lebo ya kiwanda. Ile ya mtaani ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa hujui imetiwa kostiki kiasi gani.

Sabuni ya unga naiweka ya tatu kwa shingo upande. Ina magadi ndani yake, na magadi na alumini ya moto havipatani. Niliwahi kuiacha kabureta humo nusu saa, joto limepanda, nikaenda kunywa chai. Ilirudi safi kweli, lakini nyeusi-kijivu kama sufuria iliyochemshiwa majivu. Ilifanya kazi, ila mwenye pikipiki hakutaka kuamini kuwa ni ileile aliyoniletea.

Ndimu, siki na asidi ya limau ni za chokaa na kutu. Ziweke kwa kazi nyingine.

Halafu kuna visivyopaswa kuingia kwenye tangi kabisa. Petroli ndiyo ya kwanza, na ndiyo ninayoiona zaidi. Mashine ni ya umeme, ina hita, na mvuke wa petroli unashika moto kwa cheche ndogo tu, hata kama haijapashwa joto. Spiriti nayo ni vivyo hivyo. Dawa ya choo yenye asidi na kostiki soda zitaila alumini huku zikitoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka. Jik hutoboa hata tangi lenyewe la chuma kisichoshika kutu.

Maji nayo ni sehemu ya manunuzi. Ya kisima cha Dar yenye chumvi huacha ukoko mweupe kwenye matundu uliyotoka kuyazibua. Tumia ya mvua, au maji ya betri yaliyoondolewa chumvi. Hapa soma lebo mara mbili, maana dukani maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja, chupa zinafanana.

Matumizi: toa oringi (pete za mpira), floti (boya) na diaframu (utando wa mpira) kwanza. Jaza hadi alama, kamwe usiwashe tangi tupu. Iache mashine itetemeke dakika 5 ikiwa na maji yenye dawa tu ili hewa itoke majini, kisha weka kabureta kwenye kikapu, isiguse sakafu ya tangi. Joto nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, dakika 10, toa utazame, rudisha ikibidi. Suuza, pulizia hewa kila tundu, na jeti usiichokoe kwa waya, utaipanua na pikipiki itakunywa mafuta.

Ukitaka kujua kama mashine yenyewe ina nguvu, ning'iniza kipande cha karatasi ya foili majini kwa dakika moja. Ikitoka na vitobo vidogo vingi, tatizo lako lilikuwa dawa. Ikitoka nzima, usinunue chupa nyingine, rudi kwa aliyekuuzia mashine.