Mtoto wa pili baada ya operesheni: nyota nne kati ya tano kwa hospitali niliyojifungulia

Nianze na nyota maana najua wengine hamfiki chini: nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya bili na mashine, nitafika huko. Jina sitaji, sijalipwa kutangaza na wala sitaki kesi na mtu, ni ya binafsi hapahapa Dar, ya kawaida tu sio zile za mabalozi. Naandika hasa kwa wenye mimba ya pili ambao ya kwanza walipasuliwa, maana nilivyokuwa natafuta pa kwenda kila niliyemuuliza ananiambia nenda pale pazuri vyumba vina AC na uji wao mtamu. AC haizalishi jamani.

Wa kwanza wangu alitanguliza makalio, akagoma kugeuka mpaka mwisho, nikapelekwa thieta, sasa hivi ana miaka mitatu na ushee. Mimba ya pili ilivyoingia nyumbani swali likawa hilo hilo kila siku, utasukuma au utapasuliwa tena, na kila mtu ana jibu isipokuwa mimi mwenye tumbo. Mama mkwe yuko upande wa kusukuma, yeye kazaa wote nyumbani Korogwe na haoni shida iko wapi. Mashosti wa kazini wako upande wa kisu, unachagua tarehe, unasuka zako nywele, unaenda umejipanga. Aliyekata mzizi wa fitina ni nesi wa zahanati ya kwetu Segerea nilikoanzia kliniki, kaandika kwenye kadi kwa peni nyekundu KOVU LA AWALI akaniambia mama hapa huzai, tafuta hospitali yenye thieta kuanzia sasa usingoje mwezi wa tisa. Yeye hayumo kwenye hii rivyuu ila nampa tano zake zote.

Sasa hospitali yenyewe. Kilichonifanya nibaki ni kwamba siku ya kwanza dokta hakuniuliza nataka kuzaaje, aliuliza karatasi. Nikatoa karatasi ya ruhusa ya mtoto wa kwanza, akaisoma akairudisha, imeandikwa kapasuliwa, mama na mtoto wazima, basi. Anataka ile ya thieta yenye maelezo ya walichana vipi. Mi nikamwambia dokta kovu si hili hapa, la kulala, liko chini kabisa kwenye mstari wa chupi. Akacheka, akasema hilo la ngozi, kizazi chako ndani mimi sijakiona. Akachukua fomu ya maabara akaigeuza akachora kizazi kama embe lililogeuzwa kichwa chini, akapiga mstari wa kulala pale chini kwenye nyama nyembamba na mwingine wa kusimama juu kwenye nyama nene. Nje unaweza kuwa na kovu la kulala na ndani ukawa umechanwa wima, na hapo ndo kesi nzima ilipo, sio kwenye ujasiri wako wala maombi ya mama mkwe. Kovu la kulala la chini likipata uchungu, kuchanika ni kama mwanamke 1 kati ya 200. La wima la juu ni 4 mpaka 9 kati ya 100, na huyo hajaribishwi, anapangiwa tarehe kabla uchungu haujaanza.

Kuipata hiyo karatasi ilikuwa sinema. Huko nilikozaa mara ya kwanza, napo sitaji, mume wangu kaenda kaambiwa mafaili ya zamani yako stoo, kaenda tena kaambiwa mwenye ufunguo yuko semina, mwisho kakaa pale pale benchi mpaka wakamchoka wakalitoa. Mlalo wa chini, imeandikwa kwa mwandiko mbaya ila inasomeka. Nimeipiga picha ipo kwenye simu yangu, ya mume, na ya dada yangu. Wewe unayesoma hapa na umepasuliwa juzi, iombe kabla hujatoka wodini, wakati bado wanakukumbuka sura.

Baada ya hapo ndo maongezi yenyewe, na hapa nyota zote zimeenda kwa dokta. Hakunivuta huku wala kule. Kasema wakijaribu wanawake 100 wenye kovu moja la chini, 60 mpaka 80 wanazaa kawaida, na mimi nipo upande mzuri wa hiyo hesabu kwa sababu operesheni yangu ilitokana na mtoto kukaa vibaya, sio njia kugoma kufunguka. Aliyewahi kuzaa kawaida hata mara moja ndo ana nafasi kubwa kuliko wote. Halafu akageuza upande wa pili bila mi kumuuliza, kwamba ukijaribu ikashindikana ukaingia thieta umeshachoka na uchungu, hiyo operesheni ni mbaya kuliko ya kupangwa, damu inapotea zaidi na maambukizi yanakuwa mengi, kwahiyo usikubali kujaribu kama hilo hujalimeza. Dokta niliyemuona sehemu nyingine kabla yake alinipa nusu ya kwanza tu, na mwingine nusu ya pili tu.

Nikamuuliza mbona watu wanasema ukishapasuliwa mara moja ndo basi tena maisha yako yote. Akasema hiyo ilisemwa na daktari wa New York anaitwa Edwin Cragin mwaka 1916, enzi hizo wanachana wima, na kwa wakati wake ilikuwa na maana. Watu wamebeba sentensi wameacha sababu.

Kisha akaniuliza unataka watoto wangapi. Nilishangaa, nikaona anaingia chumbani kwangu, kumbe lina mantiki. Operesheni ya pili peke yake sio ishu kubwa kwa wengi, tatizo linakuja zinavyoongezeka, kondo la nyuma linaweza kukaa juu ya kovu likajishikilia likagoma kutoka. Kama kondo limefunika mlango wa kizazi, anayekwenda operesheni ya pili uwezekano wa kushikilia hivyo ni kama 11 kati ya 100, anayekwenda ya tatu ni kama 40, na hapo watu wanaondolewa kizazi ili wasife na damu. Kwahiyo anayetaka wawili afunge kiwanda na anayetaka watano hawapigi hesabu moja. Wifi yangu alitaka huyo wa pili tu awe wa mwisho, kachagua kisu hapo hapo kwa dokta huyo huyo, kapangiwa wiki ya 39 kwa sababu wakimtoa mapema zaidi bila sababu mtoto anasumbuliwa na kupumua, kazaa, kafunga na mirija siku hiyo hiyo, na hana anachojutia. Sijui kwanini watu wanamsema.

Mi nikachagua kujaribu. Masharti yake niliyapenda kwa sababu yalisemwa wazi. Hakuna kuanzishiwa uchungu na vile vidonge vinavyowekwa kwa wengine, kwenye kovu vinabana kizazi kwa nguvu ambayo huwezi kuizima. Hakuna dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, na hili aliliuliza kwa jina kabisa, kuna mtu nyumbani atakuchemshia kitu? Nikanyamaza maana shangazi alishaleta mzizi umefungwa kwenye gazeti. Akasema umwambie shangazi shikamoo na asante, na mzizi ukae kwenye gazeti.

Halafu maswali ambayo mi niliwauliza wao, na ningeshauri uyaulize popote unapoenda kabla hujatoa hata mia: thieta usiku inafanya kazi au inafunguliwa asubuhi? Daktari wa usingizi yuko ndani ya jengo au anapigiwa simu atoke Kigamboni? Damu ya grupu langu ipo kwenye friji au itafuatwa na bodaboda? Hapa walinijibu bila kukasirika, usingizi analala hapohapo zamu ya usiku, damu wakanipima grupu na kuniwekea. Kuna sehemu nyingine nzuri tu kwa macho, marumaru hadi kwenye pakingi, nilivyouliza la usingizi mapokezi akaniambia dada wewe mbona una wasiwasi hivyo. Nikaondoka. Kama hela ni ndogo usijione huna chaguo, Muhimbili na za rufaa za mkoa, Amana, Temeke, Mwananyamala, kovu moja kwao ni kazi ya kila siku, utabanana kitandani ila thieta ipo. Na umbali nao uupigie hesabu, toka Segerea saa kumi na mbili jioni foleni ya Tabata unaijua mwenyewe, walinipa maelekezo nikisikia uchungu tu nije, nisikae nyumbani kujikaza eti mpaka ukolee.

Ukaja usiku, afadhali. Leba wakanifunga mikanda miwili tumboni, mmoja unasoma uchungu mmoja mapigo ya mtoto, mashine inatema karatasi pembeni tiki tiki tiki na sista anakuja anaivuta anaisoma anaiacha ining'inie. Mapigo yalikuwa yanacheza kwenye 140, kawaida ni 110 mpaka 160. Hapa ndo lawama yangu ya kweli: mashine ni moja. Kuna mama mwingine kaletwa wakataka kunivua wampe yeye, na mtu mwenye kovu akiwa kwenye uchungu anatakiwa asikilizwe mtoto muda wote, kwa sababu kizazi kikianza kuchanika mara nyingi dalili ya kwanza ni mapigo ya mtoto kubadilika, maumivu yanaweza hata yasije. Sista wa zamu aligoma, akasema huyu ana kovu havuliwi, yule mwingine akapimwa kwa kile cha mkononi. Asante yake, ila mbona mpaka iwe bahati ya sista?

Nilifika sentimita sita, napumua vizuri, mume ananipepea na khanga anasema karibu karibu kama konda. Mara karatasi ikaanza kuchora mabonde, mapigo yanashuka mpaka 90 uchungu ukija na yanachelewa kupanda. Wakanilaza ubavu, wakaongeza dripu, yakatulia, yakarudi tena. Dokta akaja na kandambili kutoka chumba cha mapumziko, akaisoma ile karatasi yote toka mwanzo, akakaa kitandani karibu na miguu yangu akasema mama kwa asiye na kovu ningesubiri kidogo, kwako sisubiri. Fomu nikasaini mwenyewe. Kuanzia hapo mpaka namsikia mtoto analia ilikuwa haraka kiasi kwamba sindano ya mgongo ndo kitu pekee nakikumbuka vizuri, baridi ya ile dawa ya kufutia, na kijana wa usingizi anasema inama mama, inama kama unatafuta hereni sakafuni.

Kovu lilikuwa zima. Dokta kaniambia mwenyewe bila kuficha. Ndugu walivyosikia wakaanza, ah kumbe wamekukata bure, wanataka hela hawa. Mi nasema hapana, na hii ndo sababu haswa naandika. Wangejuaje bila kufungua? Yule mtoto alikuwa anachoka, kamba ya kitovu ilikuwa imembana shingoni, na kovu hakuna mashine ya kukuhakikishia litashika mpaka saa ngapi. Nililipa hospitali iamue kwa wakati, ikaamua kwa wakati. Ningezaa kawaida ningewapa nyota hizi hizi.

Wodini safi. Dawa ya maumivu inakuja kwa saa bila kuomba, waliniinua kutembea mapema hata kama niliwatukana kimoyomoyo, na sista wa asubuhi alikaa na mimi mpaka mtoto akashika ziwa vizuri. Mtori wa kantini maji matupu, leta wa nyumbani wanaruhusu.

Bili. Deposti niliyotoa ilikuwa ya kuzaa kawaida, operesheni ikaja karibu mara mbili yake, sawa nilijiandaa maana dokta alishaniambia niweke hela za yote mawili. Ila kuna mstari umeandikwa "vifaa" na namba kubwa mbele yake, nikauliza vifaa gani, mhasibu kasema vya thieta. Vipi? Vya thieta mama. Bima ya mume wangu nayo ilikataa huo mstari huo huo mpaka wauchambue, na tulivyong'ang'ania wakachambua, kumbe walirudia glovu na mipira ya mkojo mara mbili, ikapungua. Kwahiyo msilipe kabla hamjaona kila kitu kimeandikwa. Pakingi usiizungumzie, njoo na bajaji.

Kliniki ya dokta huyu ni Jumanne na Alhamisi jioni, namba zinaanza kutolewa saa nane mchana na zinaisha haraka, na usiende bila ile karatasi ya thieta atakurudisha. Wakinunua mashine ya pili ya mapigo nakuja kuongeza nyota.